Kurasa Arobaini Zenye Matumaini

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mkuu wa Chuo ameniita leo. Garrett Lindqvist — ana miaka minne hapa na bado anavaa viatu vya mjini kwenye tope hili la Machi. Kaniketisha, kanimiminia kahawa kwa mkono wake. Hapo hapo nikajua ana shida na mimi.

Anataka historia. Chuo cha Pennamet kinatimiza miaka hamsini mwezi Juni. Nani mwingine wa kuiandika kama si Lorna Pelkey, mwanafunzi wa darasa la kwanza kabisa, kisha mwalimu wa shamba kwa miaka thelathini na minane? Kurasa arobaini. Picha nyingi.

"Iwe fupi, Mwalimu, na iwe na matumaini."

Matumaini! Wanafunzi wamebaki tisini na mmoja. Bweni la mashariki limefungwa, popo ndio wapangaji. Lakini kuna mfadhili, anasema, mama mmoja wa Boston, yuko tayari kulipia hifadhi ya ardhi yetu yote milele, isijengwe wala isiuzwe. Atatangaza siku ya maadhimisho. Chuo kitapona.

Nimekubali. Nimefurahi hata, mjinga mimi. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza kitu hapa isipokuwa funguo za ghala niliziweka wapi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza. Mwaka 1974, Ruthven Sayles, mwanzilishi wetu, ananunua kambi ya likizo ya watoto wa matajiri kwa urithi wa shangazi yake. Sisi kumi na wawili. Vibanda bila dari. Tulilala na makoti, tukaamka na barafu kwenye ndoo. Asubuhi kazi za mikono, mchana vitabu. Wenyeji walituita walamajani. Ruthven hakujali. Alitaka chuo kinachofundisha watu kuishi na ardhi bila kuikomoa.

Nimeandika kurasa mbili juu ya Daftari la Makosa. Hilo ndilo tunalojulikana nalo. Ukiharibu kitu shambani, unaandika mwenyewe na kutia sahihi, yeyote uwe. "Kosa lisiloandikwa litarudiwa," alikuwa akisema Ruthven. La kwanza langu ni la 1975: niliacha lango wazi, ng'ombe wakamaliza kabichi za msimu mzima. Sasa yamefika madaftari kumi na saba. Watu huja kutoka vyuo vingine kuyaangalia. Wengine hujivunia mafanikio. Sisi tunajivunia makosa, na tunajivunia vibaya sana, kwa sauti.

Ijumaa, 8 Machi

Hollis Bragdon kaleta mayai. Jirani yangu, mfugaji, miaka sabini na tisa, boma lake liko chini tu ya Shamba Refu la chuo. Kasimama mlangoni na mabuti yenye samadi, hataki kuingia, hataki kuondoka.

"Nasikia unaandika Agano Jipya."

"Historia ya chuo."

"Mimi nimo?"

"Bado niko mwaka wa sabini na tano."

"Fanya haraka basi. Sabini na sita niliwavuta na trekta mlipozama bwawani, na gari lenu, na mbuzi wenu. Andika na mbuzi."

Nikacheka. Kisha akatazama chini, akazungusha kofia mikononi. "Mweke na Nadine wangu. Usimsahau. Na useme ukweli, kwamba alikuwa mkali."

Nimemwahidi. Nadine, mkewe, alikufa miaka mitatu iliyopita. Figo. Nyumba ilikuwa imepoa kabisa, lakini sasa mjukuu wake Tessa amehamia, ana mimba ya miezi mitano, mume yuko kazini baharini. Hollis ananiambia hivyo huku akijifanya analalamika: nguo kila mahali, redio asubuhi, na msichana anakunywa maji kama ndama. Daktari kamwambia anywe sana.

Alhamisi, 14 Machi

Leo sanduku la nyaraka za 1988.

Nilijua litakuja. Nilirudia masanduku mawili ya nyuma ili nichelewe kulifikia, kisha nikajionea aibu, nikalifungua.

Mpango wa Hakuna Taka. Jina nililitunga mimi. Kiwanda cha karatasi na mji walikuwa na tope la majitaka, milima ya tope, hawajui walipeleke wapi. Sisi tukasema: leteni! Tope ni mbolea. Asili haina jalala. Miaka mitano tulilimwaga Shamba Refu, tela baada ya tela, bure, na mahindi yakaota kama yamelaaniwa kuota. Magazeti yakaja. Kuna picha yangu juu ya trekta, miaka thelathini na miwili, meno yote nje.

Kila mtu jimbo hili anajua siku hizi tope lile lilikuwa na nini. Kemikali zisizooza, zisizokwisha, zinashuka taratibu mpaka visimani. Wakulima wamefunga maziwa, wameua ng'ombe wao wenyewe. Nimesoma habari zao zote, kila moja, na kila mara nimefunga gazeti nikaenda kuosha vyombo. Wakaguzi wa jimbo wana orodha ya mashamba. Letu halimo. Kibali kilichukuliwa kwa jina la mji.

Na si Shamba Refu tu. Ndani ya sanduku kuna hotuba yangu kwa majirani. Niliisoma jikoni kwa Hollis, 1988. Hollis alivutiwa, mbolea ya bure nani hataki. Nadine ndiye aliyekataa. Nakumbuka alisimama na mwiko:

"Mavi ya mji mzima, na uchafu wa kiwanda juu yake, halafu mimi nipande mahindi ya ng'ombe wangu? Wewe mtoto una akili timamu?"

Nikamfundisha. Ee Mungu, nilimfundisha! Nikamchorea duara kwenye bahasha: mtu, udongo, mmea, mtu. Nikamwambia woga wa uchafu ni ujinga wa kizamani. Kwa upole, ule upole wa msomi unaouma kuliko tusi. Akaona haya, akanyamaza. Wakapokea tela arobaini, nusu yake umbali wa kurusha jiwe kutoka kisimani.

Nimekwenda maktaba kutazama Daftari la Makosa, kuanzia 1988 hadi leo. Majembe yaliyovunjika. Pampu zilizoganda. Mwanafunzi mmoja kaandika ukurasa mzima kwa kukanyaga kiota cha ndege. Tope halimo. Mwaka ule liliandikwa kwenye taarifa ya mafanikio, kisha likasahaulika huko huko. Nyani haoni kundule.

Sisemi Nadine aliuawa na hilo. Siwezi kusema hakuuawa na hilo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwambia Garrett. Nilikuwa nimejipanga kumshtua.

Anajua!

Tangu Oktoba anajua. Mawakili wa mfadhili walitaka ardhi ipimwe kabla ya kuihifadhi, akapima kwanza yeye kimyakimya, pampu ya ghalani. Mara ishirini ya kiwango kinachoruhusiwa. Ndiyo maana tangu Novemba wanafunzi wanakunywa maji ya madumu — waliambiwa mabomba yamezeeka.

"Na majirani?"

"Kwa utaratibu, Mwalimu. Baada ya Juni. Tukisema leo mfadhili anakimbia, chuo kinafungwa kabla ya masika kwisha, na nani atawasafishia hao majirani visima? Chuo kilichokufa?"

Anaongea vizuri. Hata mimi nilianza kutikisa kichwa. Nikasema pale chini yupo mwanamke mjamzito. Akafumba macho kidogo, akasema ni miezi mitatu tu, wamekunywa miaka thelathini na tano. Alisema hivyo! Kisha kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayekupa zawadi: "Kwako tulishashughulikia."

Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani. Nimepiga magoti jikoni, nimefungua kabati la chini ya sinki. Chujio. Silinda mbili nyeupe. Fundi wa chuo alikuja Novemba, akasema anabadilisha bomba linalovuja. Nilimpa kipande cha keki ya tufaha. Nilimshukuru.

Miezi minne nimekunywa maji safi bila kujua, na Hollis ananiletea mayai.

Jumanne, 19 Machi

Karatasi ya vipimo iko mezani. Garrett kaniachia nakala, "ili uelewe uzito wake". Anajua nimefungwa kwa kamba gani. Nyumba hii ni ya chuo. Naishi humu kwa hisani, kwa barua ya ukurasa mmoja na nusu ambayo Mkuu yeyote anaweza kuichana. Miaka sitini na minane. Sina mtoto, sina shamba. Nilitoa vyote huku.

Lakini nisijidanganye, hata hapa ambapo hakuna asomaye. Nyumba si sababu. Sababu ni bahasha yenye duara. Nikimwambia Hollis kuhusu maji, ataniuliza kuhusu Nadine.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeandika aya nne juu ya tope, nikampelekea Garrett pamoja na sura nyingine. Zimerudi jioni. Sura zote zimesifiwa. Aya nne zimekuwa sentensi moja: "Chuo kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa matumizi mapya ya rasilimali zilizopuuzwa."

Nimekwenda maktaba nikiwa na kalamu. Nimesema basi, nitaandika kwenye Daftari, nitie sahihi, iwe imeandikwa mahali. Madaftari hayapo rafuni. Yako ukumbini, ndani ya kabati jipya la kioo, yamefunguliwa kwenye kurasa zinazochekesha. Ng'ombe wangu na kabichi wamo, wamewekewa taa. Ufunguo uko ofisi ya mawasiliano. Binti wa pale anasema kwa adabu sana kwamba hairuhusiwi kuandika tena, Mwalimu, sasa ni kumbukumbu za kihistoria.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwenda kwa Hollis. Nimekwenda kumwambia.

Jikoni palepale. Kiti cha Nadine kina mto mpya. Tessa kanikaribisha, shavu jekundu, tumbo limetangulia. Kaweka birika. Nikatazama maji yakitoka bombani, maangavu, mazuri, na Hollis akasema kama asemavyo siku zote kwamba hakuna maji kama haya mpaka Kanada.

"Bibi Lorna, nimesikia ndiwe uliyemfundisha babu kulima kisasa," Tessa akasema.

"Babu yako hafundishiki," nikasema.

Wakacheka. Nikaona hapa ndipo. Nikafungua mdomo. Nikauliza mtoto ni wa kike au wa kiume.

Wa kike. Atapewa jina la Nadine.

Chai ikakaa mbele yangu. "Inapoa, Bibi," akasema Tessa. Nikasema tumbo langu si zuri. Akahangaika, masikini, akanitafutia biskuti kavu, akajinywea kikombe changu ili kisipotee bure. Mimi nimekaa nimetazama. Nimemtazama mpaka tone la mwisho, nikaaga, nikatoka.

Nimeandika mengi maishani kuhusu watu wanaoiona ardhi ikifa wakanyamaza. Niliwaita kwa majina makali.

Jumatano, 27 Machi

Sikwenda. Sikuandika. Theluji yenye mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Garrett kaja mwenyewe nyumbani, mara ya kwanza. Ana hofu. Mfadhili anafika Jumamosi, anataka kula maharage ya shimoni pamoja nasi.

Kila mkesha wa Pasaka chuo kinafukia vyungu vya maharage ardhini, kwenye shimo la mawe lenye makaa, yaive usiku kucha. Baba yake Hollis alitufundisha mwaka ule wa kwanza, sisi walamajani tusiojua hata kuwasha moto. Pampu yetu ilikuwa imeganda, kwa hiyo alikuja na maji ya kisima chake kwenye makopo makubwa ya chuma ya kubebea maziwa. Tangu siku hiyo maharage ya Pennamet hulowekwa kwa maji ya Bragdon tu. Mwaka wa hamsini sasa. Ruthven alipokuwa akifa aliulizia makopo kama yamefika.

Mkuu wetu hakuwa akijua. Kajua leo, Hollis alipopiga simu kuuliza alete makopo saa ngapi. Kasema alete kama kawaida. Angesema nini? Akikataa itabidi atoe sababu.

"Tafadhali, Mwalimu," ananiambia. "Hollis akishaondoka, uyamwage maji yake. Madumu yatakuwa stoo. Wewe ndiye huwa unaloweka, hakuna atakayeshangaa."

"Kwa hiyo wewe na mfadhili hamyanywi."

"Siwezi kumlisha mgeni sumu!"

Akasikia alichosema. Uso ukamwiva. Hakukirudisha lakini. Kasimama pale akipangusa viatu vyake kwenye mkeka wangu, akisubiri niseme ndiyo.

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 29 Machi

Saa nane mchana. Niko jikoni mwa chuo, ndani ya stoo ya unga, mlango nimerudisha. Naandika nyuma ya orodha ya vyakula, nitabandika baadaye.

Hollis alifika saa saba na nusu, na makopo manne. Tessa kaja naye, hajawahi kuona shimo likiwashwa. Hollis kayashusha mwenyewe, amekataa kusaidiwa, na kila moja lina kilo arobaini. Kayafuta kwa kitambaa. Kasema, "Haya, maji ya hamsini hayo." Kisha kampeleka mjukuu wake kwenye shimo kumwonyesha mawe.

Sikungoja waondoke. Nilitaka liishe. Nikakokota kopo la kwanza mpaka mlango wa nyuma, nikaliinamisha juu ya theluji. La pili. Maji yakafanya mfereji mdogo kuelekea chini, kule kule kwao.

La tatu lilikuwa nusu niliposikia mabuti.

Alikuwa amerudi kuchukua kitambaa chake. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Kwanza alifikiri limeniponyoka, nakwambia! Aliruka kulishika, mzee wa miaka sabini na tisa, "Taratibu, Lorna, mgongo wako!" — na akaliinua, akaona makopo mawili yamelala matupu. Akatazama mfereji. Akatazama ndani, kupitia mlango, madumu ya plastiki yamepangwa kando ya maharage.

Nikasikia maji yanavyodondoka kutoka mdomo wa kopo.

"Mmeona yangu hayafai?" akasema. Taratibu kabisa. Alifikiri ni dharau! Alifikiri chuo kimekuwa cha mabwana, maji ya mkulima hayafai tena kwa wageni wa Boston. Ningeweza kumwachia fikra hiyo. Ilikuwa imelala pale mbele yangu. Angekasirika, angekwenda zake, na asingeniuliza lolote tena mpaka tufe.

Nikasema, "Hollis, si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Nikainama kuokota kopo tupu. Na huyu mtu amefuga ng'ombe maisha yake yote, anajua mnyama anayeficha ugonjwa. Nikaona uso wake ukienda mahali pengine, taratibu, hatua kwa hatua. Mpaka Shamba Refu. Mpaka yale matela. Husoma magazeti kama mimi. Pengine naye alikuwa akiyafunga, akaenda kukamua.

"Lorna. Kuna nini kwenye maji yangu?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi hata kifo sikukingoja, nimeumbuliwa na kopo la maziwa. Nikasema, kuna karatasi, iko kwenye mkoba wangu, ngoja niilete. Akasema, "Umekuwa nayo tangu lini?" Nikasema tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Akahesabu. Nilimwona akihesabu. Jumapili nilikuwa jikoni kwake.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Kasema atasubiri garini, akageuka. Kisha akasimama na mgongo wake kwangu, akauliza, "Nadine?" Neno hilo tu.

Nimesema sijui. Ni kweli sijui. Lakini jinsi nilivyolisema halikufaa hata kumpa mbwa.

Dakika kumi sasa niko humu stoo. Karatasi ninayo mkononi, imekunjwa mara mbili. Simu inaita, ni Garrett, mara ya tatu. Ujumbe wake unasema mfadhili amewahi, yuko langoni. Kupitia dirisha hili dogo naiona pikapu. Hollis yuko kwenye usukani, mikono juu yake, anatazama mbele. Hajamwambia mjukuu wake. Tessa anaongea na kucheka, anaonyesha moshi wa shimo, ameshika chupa ya chuma ya lita moja, maji ya nyumbani kwao, anaifungua. Hollis anageuza kichwa, anamtazama. Ananyoosha mkono, anaifunika chupa kwa kiganja —